Kalenda Kwanza, Michezo Baadaye: Kuwafunza Viongozi Vijana Kubuni Miradi ya Kubadilishana

Mafunzo mengi ya kuwaandaa vijana kwa miradi ya kubadilishana kati ya nchi na nchi huanzia pasipofaa. Siku tatu za kwanza huishia kwenye michezo ya kufahamiana, mijadala ya utamaduni na karatasi za rangi zilizobandikwa ukutani. Siku ya nne mtu anakumbuka bajeti. Siku ya tano vyeti vinagawiwa, picha zinapigwa, na kila mmoja anarudi kwao na wazo zuri lisilo na tarehe. Katika miradi kati ya Tanzania na Ujerumani, ambayo ndiyo inayozungumziwa hapa, tofauti za utamaduni ni nadra kuua mradi. Kinachoua ni pasipoti zilizochelewa, mbia mmoja aliyeshika fedha zote bila maandishi, au safari iliyopangwa wakati nusu ya kundi iko Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Kwa nini Ujerumani? Kwa sababu njia imekwisha kufyekwa. Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966, Dar es Salaam na Hamburg tangu 2010, na dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zina uhusiano wa miaka mingi na sharika za huko. Ujerumani na Umoja wa Afrika zilipoanzisha mpango wa pamoja wa vijana, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za majaribio, pamoja na Benin na Afrika Kusini. Dirisha la ufadhili liitwalo Teams up!, linaloendeshwa na shirika la Engagement Global la Bonn, hulenga vijana wa miaka 16 hadi 30, na linataka safari za pande zote mbili: wa huko waje, wa hapa waende.

Kuna ndoto moja ya kuiondoa mapema. Kijana akiingia mtandaoni kutafuta ufadhili, cha kwanza kukutana nacho ni Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya. Kipengele chake cha kubadilishana vijana kina mwongozo uliopangwa vizuri: umri miaka 13 hadi 30, siku 5 hadi 21 bila kuhesabu za safari, washiriki 16 hadi 60. Kama somo la kubuni mradi, ni mwongozo wa kusomwa mstari kwa mstari. Lakini umetengwa kwa nchi za Ulaya na majirani zake. Kikundi cha Kigoma au Kisumu hakiwezi kuwa mbia humo. Watu hujaza fomu wiki nzima, kisha ombi linaanguka kwenye kigezo cha kwanza. Ndiyo maana zoezi la kwanza la kusoma tangazo lolote la ufadhili ni kutafuta mambo mawili tu: nani anaruhusiwa kuomba, na nani anaruhusiwa kusafiri. Mengine yasubiri.

Na kubadilishana si lazima awepo Mzungu. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Kundi la Kisumu na kundi la Jinja linaweza kukutana kwa nauli ya basi. Kiongozi aliyeendesha safari ya namna hiyo hufika kwenye mradi wa Ulaya akiwa amekwisha kuungua vidole mahali pa gharama ndogo.

Washiriki wa mafunzo waitwe kwa jozi: viongozi wawili wa kikundi cha hapa pamoja na wawili wa kikundi cha huko, wanaokusudia kuandika andiko moja la mradi la kuomba ufadhili. Jozi sita za namna hiyo ni watu 24, na wawezeshaji watatu wanawamudu. Mtu akija peke yake ili "akatafute mbia baadaye", mara nyingi hampati, au anampata wiki mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi na kukubali masharti yoyote atakayopewa. Kwa siku sita za mafunzo, siku moja ni ya kufahamiana na kutafuta mada, siku mbili nzima ni za kalenda na bajeti, moja ya makubaliano ya ubia, moja ya ratiba na mbinu, na ya mwisho kila jozi inasimama kulitetea andiko lake mbele ya watu wanaojifanya wafadhili wagumu.

Kwenye mada, jibu la kwanza karibu kila mara ni "mazingira" au "ujasiriamali". Si vibaya, ila ni mapana mno. Dawa yake ni kudai kitu kimoja kinachoshikika, kilichopo pande zote mbili. Mfano mzuri ni mifupa ya dinosaria ya Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliendesha uchimbaji mkubwa kwenye kilima hicho cha Lindi. Mamia ya vibarua wenyeji walichimba, na wapagazi wakabeba mizigo kwa miguu kwa siku kadhaa hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zikaishia Berlin. Mnyama mkubwa kuliko wote katika mzigo huo amesimama hadi leo kwenye Museum für Naturkunde, urefu wake kwenda juu ukipita mita 13. Hapo kijana wa Lindi na kijana wa Berlin wana swali moja la kufanyia kazi: nani alichimba, nani alibeba, majina yao yako wapi, na mwanafunzi wa Lindi anauona wapi mfupa huo leo? Kazi zinajitokeza zenyewe: kuwahoji wazee, kutembelea makumbusho, kutengeneza maonyesho madogo ya lugha mbili yanayoweza kukunjwa na kubebwa. Vita vya Majimaji navyo vinafaa, hasa tangu Rais Steinmeier wa Ujerumani alipoomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023.

Mada za ukoloni zina mtego wake. Vijana wa Kijerumani huganda kwa aibu, na wa Kitanzania hunyamaza kwa adabu, maana mgeni hasemwi. Matokeo yake ni kikao cha watu wanaotazama sakafu. Kinachosaidia ni kila kundi kufanya mikutano mitatu ya maandalizi nyumbani kwao, kwa lugha yao, na kuja na kitu mkononi: picha, maneno ya mzee waliyemhoji, ukurasa wa kitabu cha shule. Mjadala wenyewe usifunguliwe siku ya pili. Usubiri hadi ya nne au ya tano, watu wakiwa wamekwisha kupika na kuosha vyombo pamoja.

Sasa kalenda. Ibandikwe karatasi ndefu ukutani, miezi 18, na kila jozi ihesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya ndege. Tuseme kundi la Tanzania linaondoka tarehe 10 Agosti. Ombi la viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipungue siku 15. Kwa kawaida uamuzi hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kuongezwa hadi 45, na nafasi ya miadi yenyewe inaweza kuchukua wiki kadhaa kupatikana. Kundi zima kwa hiyo liwasilishe maombi mwezi wa Mei. Ili hilo liwezekane, pasipoti ziwe mkononi mwishoni mwa Machi. Ili pasipoti zitoke Machi, fomu ziingie Uhamiaji si baada ya Januari, zikiwa na namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na cheti cha mzazi au kiapo. Hapo ndipo mambo yanapokwama. Kijana anaitwa Juma Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Juma H. Bakari kwenye cheti cha shule, na NIDA wameandika Hamis bila i. Kunyoosha majina hayo kunaweza kula miezi miwili. Uteuzi wa washiriki unarudi hadi Oktoba au Novemba ya mwaka uliotangulia, na siku ya uteuzi kila mmoja aje na karatasi zake zote, zikaguliwe herufi kwa herufi pale pale.

Hapo vijana huuliza swali la haki: mfadhili atakuwa amejibu? Mara nyingi bado. Na gharama zilizofanyika kabla ya mkataba kuanza kwa kawaida hazirudishwi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua wenye pasipoti tayari, ambao karibu wote watakuwa watoto wa mjini wenye wazazi wenye uwezo. Mradi utakwenda, lakini haukuwa kwa ajili yao. Njia ya pili ndiyo tunayoipendekeza: safari ya kwanza iwe ya Wajerumani kuja. Viza yao ni nyepesi, na vijana wa hapa wanapata miezi minane hadi kumi na miwili ya kushughulikia pasipoti wakati mkataba umekwisha kuanza na gharama zinakubalika. Faida nyingine ni kwamba kundi la hapa linaanza kama wenyeji, wenye nyumba na wenye neno, na ubalozini linakwenda likiwa na ushahidi kuwa mradi ni wa kweli na nusu yake imekwisha kufanyika.

Kwenye kalenda hiyo hiyo ziandikwe tarehe zinazosahaulika. Wahitimu wa kidato cha sita hufanya mtihani Mei, kisha huitwa JKT katikati ya mwaka. Ukiwateua Machi kwa safari ya Julai, utabaki na viti vitupu. Ujerumani kila jimbo lina likizo zake: Bavaria, iliko Würzburg, huanza likizo ya kiangazi mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, wakati majimbo ya kaskazini mara nyingi hutangulia. Ramadhani husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Masika ni Machi hadi Mei, na barabara ya kijijini inayopitika Februari huenda isipitike Aprili.

Kuhusu viza yenyewe, viongozi wajue kwa kichwa mambo haya. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uvuke tarehe ya kutoka Schengen kwa miezi 3 au zaidi. Bima ya safari ifikie angalau yuro 30,000. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, lakini wawakilishi wa mashirika yasiyo ya faida wenye umri usiozidi miaka 25, wanaokwenda kwenye semina, michezo, shughuli za utamaduni au za elimu zilizoandaliwa na mashirika yasiyo ya faida, hawatozwi. Msamaha huo umo katika kanuni za viza za Schengen, ila usipouomba kwa barua inayotaja umri, shirika na shughuli, ni rahisi kulipishwa. Walio chini ya miaka 18 wawe na ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Mwenyeji wa Ujerumani anaweza kusaini hati ya kubeba gharama, Verpflichtungserklärung, kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Asingoje mwezi wa mwisho.

Sababu ya kukataliwa inayowapata vijana mara kwa mara ni shaka kwamba hawatarudi. Kijana asiye na mshahara wala hati ya kiwanja anajibu shaka hiyo kwa barua ya chuo inayotaja tarehe ya kufungua muhula, barua ya mwajiri au fundi anayemfundisha, cheti cha usajili wa kikundi, na ratiba ya mradi inayoonyesha kazi anayotakiwa kuifanya baada ya kurudi. Ratiba yenye "kutembelea mji" siku sita kati ya kumi na nne inamharibia mwenyewe. Na wote kumi na wawili wasipeleke barua zilizonakiliwa neno kwa neno. Kila mmoja ajue kueleza nafasi yake kwa maneno yake, maana ataulizwa dirishani akiwa peke yake.

Bajeti ifanywe kwa bei za kweli. Kila jozi ipige simu, iombe profoma (makadirio ya bei kwa maandishi) tatu za malazi na tatu za usafiri, hapo hapo darasani. Chukua makundi mawili ya vijana 12, kila moja na viongozi 2: watu 28. Kwenye karatasi, Coaster moja inatosha. Barabarani, watu 28 na mabegi ya wiki mbili hawaingii kwenye Coaster. Inatakiwa Hiace ya mizigo nyuma yake. Ongeza madereva wawili na mkalimani, walaji wanakuwa 31. Maji ya kunywa, lita 3 kwa mtu kwa siku, kwa siku 14, ni lita 1,300 hivi, na ni nadra kuukuta mstari huo kwenye bajeti ya kwanza.

Jambo linaloleta ugomvi kimya kimya ni posho. Kijana wa Ujerumani mara nyingi amechangia kutoka mfukoni ili ashiriki. Kijana wa hapa amezoea kwamba kikao kina posho, na mzazi wake naye anauliza. Tukiliacha jambo hili lijitatue lenyewe, wiki ya pili mmoja atamwona mwenzake mchoyo na mwingine atamwona mwenzake mpenda fedha. Lisemwe siku ya uteuzi: nauli halisi inarudishwa, chakula na malazi vimelipiwa, posho ya kukaa haipo. Ila kwa kijana anayeacha genge au bodaboda yake siku 14, hilo ni pengo la kweli nyumbani. Jozi iamue mapema kama kutakuwa na fidia ndogo, kwa nani, na kama mfadhili anairuhusu.

Risiti nazo zina somo lake. Mhasibu wa Ujerumani anataka hati ya kila senti. Dukani utapata risiti ya EFD, mashine ya kodi, lakini karatasi yake hufifia, na baada ya miezi sita unabaki na kipande cheupe. Ipigwe picha na kutolewa nakala siku hiyo hiyo. Mama lishe na bajaji hawana risiti. Vocha ya malipo iandaliwe kabla, yenye jina, namba ya simu, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kazi iliyofanyika na saini au dole gumba, na mfadhili akubali kwa barua pepe kwamba anaipokea. Ukimwomba baada ya mradi, jibu huwa gumu.

Fedha za mfadhili wa Kijerumani kwa kawaida huingia kwenye akaunti ya mbia wa Ujerumani, na mwenye akaunti hugeuka bosi hata asipotaka. Makubaliano ya ubia, kurasa mbili au tatu, yasainiwe kabla ya kutuma andiko. Yaseme kila awamu inatumwa tarehe gani, kwa kiwango gani cha kubadilisha yuro kuwa shilingi na hasara ikitokea ni ya nani, nani anaidhinisha kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, na mbia wa hapa anaiona lini ripoti ya fedha nzima. Hosteli ya Mwanza au Moshi itadai malipo ya awali. Awamu ya kwanza ikifika wiki moja baada ya wageni kutua, kiongozi kijana atakopa kwa jina lake. Hilo limewapata wengi, na ni vigumu kumshawishi mtu wa namna hiyo aendeshe mradi wa pili.

Kwenye ratiba ya siku, vipindi vitatu vya dakika 90 vinatosha, na siku ya kuwasili isiwekwe kitu. Siku ya saba au ya nane iwe ya mapumziko kweli, ya kufua na kulala. Kila jioni, nusu saa kwa kila kundi peke yake na kiongozi wake, kwa lugha yake. Manung'uniko madogo hutokea hapo kabla hayajawa makubwa. Kipindi cha lugha mbili kinabeba nusu tu ya mambo ya kipindi cha lugha moja, na ratiba ipunguzwe kwa kipimo hicho. Tukiwaachia Kiingereza kitupu, wanaokiongea haraka hutawala ukumbi. Afadhali dakika 20 za kwanza kila kundi lijadili kwa Kiswahili au Kijerumani, liandike bango, kisha ndipo wakutane.

Serikali ya mtaa isisahaulike: barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kata au kijiji na kwa afisa maendeleo ya jamii, wiki nne kabla ya wageni kufika, yenye majina na namba za pasipoti zao. Wageni wakipangiwa kazi ya mikono, kama kujenga darasa au kufundisha, ofisi ya Uhamiaji iulizwe kwanza, kwa kuwa viza ya matembezi si kibali cha kufanya kazi. Picha ziwe na ridhaa ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Ujerumani ni wakali zaidi. Kijana wa hapa akipata homa akiwa Ujerumani, daktari aambiwe mara moja ametoka nchi yenye malaria, kwa sababu huenda asiifikirie.

Baada ya siku sita, ufuatiliaji uendelee wiki 8 hadi 12, hadi andiko litumwe: simu ya dakika 45 kwa wiki na kila jozi, pande zote mbili zikiwa hewani. Simu ya kwanza isiyo na upande mmoja ni dalili. Ya pili, mwezeshaji aulize waziwazi kama ubia upo.

Kuna kipengele kimoja ambacho jozi hukwepa kukiandika hadi mwisho: viza zikikataliwa kwa baadhi, inakuwaje? Kiamuliwe mapema na kuwekwa kwenye makubaliano. Kwa kundi la 12, orodha iwe ya 16, wanne wa akiba wakiwa na pasipoti na wakiomba viza pamoja na wengine kama bajeti inaruhusu. Tiketi zishikiliwe kwa jina la kundi na zilipiwe baada ya viza kutoka, au ziwe za kubadilishika. Wakipata chini ya wanane, safari inasogezwa na mfadhili anaarifiwa siku hiyo hiyo. Wakipata wanane au zaidi, wanakwenda, na waliokataliwa wanabaki na kazi yenye jina kwenye mradi: kuhariri maonyesho, kuendesha vipindi vya pamoja kwa njia ya mtandao, kuandaa mkutano wa kurudisha taarifa kijijini, kwa nauli na vifaa vilivyotengwa kwenye bajeti tangu mwanzo.